Jini la Saa Nne

Jini la nyumba ya Shadrack halikuanza kwa kupiga mabati wala kuzima taa. Lilianza kwa kurudisha saa nyuma, tena mchana kweupe, nguo zikiwa kambani na redio ya jirani ikitangaza bei ya mahindi.

Bibi Enesi, mama yake Shadrack, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Alitupia jicho simu yake ndogo ya tochi: saa tatu na dakika hamsini. Akamaliza sinia, akapepeta, akaloweka, akarudi kuketi. Akatazama tena. Saa tatu na dakika tano. Akaitikisa ile simu, akaitegea sikio, kisha akaiweka mbali naye kidogo.

"Erica," aliita.

"Abee bibi," mjukuu wake aliitika kutoka ndani, alikokuwa akichora.

Basi bibi akatulia. Alikuwa na kazi moja kubwa katika nyumba ile ya Tunduma, na kazi yenyewe ilikuwa ndani ya simu hiyohiyo. Erica alikuwa na miaka minane na alikuwa na kisukari. Kila asubuhi mama yake, Yunisi, alimchoma sindano ya insulini, akamnywesha uji, akaenda kwenye kibanda chake cha vitenge karibu na mpaka. Saa nne kamili simu ingelia, na bibi ampe mtoto chakula, hata kama ni ndizi mbili. Asichelewe, kwa sababu dawa ikishaingia mwilini inashusha sukari, kuna chakula au hakuna. Yunisi ndiye aliyemnunulia mama mkwe simu hiyo alipomtoa kijijini Ikinga kuja kumsaidia, na ndiye aliyeitega kengele.

Siku hiyo mtoto alianguka kabla simu haijalia. Enesi alisikia penseli ikigonga sakafu, akaingia mbio. Alimkuta Erica amelowa jasho, anatetemeka, macho yako wazi lakini hayamwoni mtu, naye anasema kwa sauti nzito, "Shinga? Ni shinga?"

Hicho ni Kibemba, mtu anauliza bei, na kila mtoto wa Tunduma amekiokota sokoni. Lakini Enesi ni Mndali wa milimani. Alichosikia yeye ni mtu asiyemjua akiuliza bei ndani ya mwili wa mjukuu wake. Akammiminia soda mdomoni, nusu ikimwagika. Baada ya dakika chache Erica akamtambua, akalia. Na hapo ndipo simu nayo ikalia: saa nne.

Ikawa hivyo tena Alhamisi, na wiki iliyofuata mara tatu. Siku nyingine hakuna kitu, mtoto anaruka kamba. Lakini likija, linakuja kabla tu ya kengele, linatikisa mtoto, linanyweshwa soda, linaondoka. Kliniki nesi aliuliza kama mtoto anakula kwa wakati.

"Saa nne kamili, simu ikilia," alijibu Enesi, na alikuwa anasema kweli.

Yunisi hakuamini majini, na wala hakuwa mpole katika kutoamini kwake. "Mama, hiyo ni sukari imeshuka," alisema. "Ukisinzia, chakula kinachelewa."

"Mimi nisinzie?" alisema Enesi. Aliumia sana, na hakulisahau neno lile.

Kisha ikaja Jumamosi. Yunisi alipita nyumbani mara moja kuchukua mzigo wa vitenge. Erica alikuwa amejilaza. Mama akamshika mkono, akauona wa baridi, akadhani ni hali ya hewa, akatoka. Muda mfupi baadaye mtoto akaanguka. Jioni Enesi alimvuta mwanawe pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mkeo alikuja hapa saa tatu na nusu. Akamshika mtoto mkono, hakusema neno, akaondoka."

Shadrack akamwita mkewe. Saa tatu na nusu alikuwa kwenye mkutano wa wafanyabiashara, na Yunisi alikuwa ameketi ubavuni pake, bega kwa bega.

"Nilikuja saa nne na nusu," alisema Yunisi. "Mkutano ulipokwisha."

"Niliangalia saa," alisema Enesi.

"Uliangalia vibaya, mama."

Angesema tu, hebu nione hiyo simu, hadithi ingeishia hapa na mimi ningekaa kimya. Hakusema. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hakika. Enesi naye alikuwa na hakika, na Shadrack katikati yao alikuwa na hakika ya bega la mkewe. Wote watatu walikuwa wanasema kweli. Katika kweli hizo tatu ikabaki nafasi moja tu, na Enesi ndiye aliyeijaza.

"Basi aliyeingia humu si wewe," alimwambia mkwewe. "Ana sura yako."

Tangu siku hiyo Enesi alikuwa akimtazama Yunisi miguu kwanza, akitafuta kwato, ndipo uso. Shadrack akaanza kulala upande wa mlango. Na Yunisi, huyu asiyeamini kitu, siku moja bafuni alijikuta ameinama anachunguza nyayo zake mwenyewe. Alipogundua anachofanya alikasirika mpaka machozi yakamtoka.

Jumatatu alivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuchukua mzigo. Aliporudi saa kumi alikuta kufuli mlangoni. Ndani hapakuwa na Erica wala sweta lake wala bibi. Akakimbilia chungu cha maji ya baridi wanamohifadhia dawa. Chupa ya insulini ilikuwa imo, na sindano zote zimo. Akaanza kumpigia mumewe palepale.

Simu ya Shadrack haikupatikana mpaka kesho yake jioni.

"Tuko Isongole," alinong'ona. "Kwa Mzee Nathanaeli. Anamtoa hilo jini."

"Mmemchoma sindano?"

"Mzee amekataza. Anasema linapandia kwenye sindano."

"Baba Erica, mtoto akikosa sindano anakufa. Daktari alituambia wote wawili, ulikuwepo."

"Usije huku, nakuomba," alisema Shadrack, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. "Mzee ametuambia litakuja kwa sura yako."

Yunisi alifika Jumatano mchana, insulini ikiwa ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya maharage. Mzee Nathanaeli alimpokea uani kwa adabu zote, mtu mwembamba, sweta limetoboka viwiko, macho mekundu. Hakuwa tapeli. Alikuwa amechukua kuku mmoja tu, na alikuwa hajalala siku mbili akimwombea mtoto. Yunisi alitamani awe tapeli, maana tapeli ungeweza kumpa hela akafungua mlango.

"Mama, au yeyote uliye," alisema mzee, "humo hutaingia. Limekaribia kutoka. Sikiliza."

Yunisi akasikiliza, na kupitia ule mlango wa mbao uliofungwa kwa kufuli akasikia pumzi, si pumzi ya mtoto aliyelala wala ya mtoto anayelia bali pumzi ndefu, nzito, ya kuvutwa kutoka chini kabisa kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani, inaingia, inatoka, inaingia tena bila kupumzika, na pamoja nayo kwenye nyufa za mbao ikaja harufu tamu, harufu ya ndizi zilizoiva mpaka zikaoza, ambayo watu waliokaa uani walikuwa wanaivuta na kuangaliana na kujifunika kanga puani.

"Manukato yake," alinong'ona Nathanaeli. "Linafungasha."

Lakini Yunisi aliijua harufu ile: ni ya sukari iliyopanda kwa kukosa dawa. Miaka miwili nyuma alimbeba Erica mgongoni mpaka hospitali akiwa ananuka hivyohivyo na anapumua hivyohivyo, na daktari alimwambia kwamba angechelewa mpaka jioni angeleta maiti. Alimwomba mzee. Akamwomba mumewe, ambaye alikuwa amesimama na ufunguo mkononi na hathubutu kumtazama. Hakuna aliyesogea. Akaenda kukaa kwenye ukuta wa jikoni, karibu na mama mkwe, kwa sababu hakujua pa kwenda.

Enesi alikuwa ameshika simu yake mapajani. Yunisi alitoa ya kwake atazame ni saa ngapi, apige hesabu ya saa ambazo mwanawe amekaa bila dawa. Saa saba na robo. Jicho likaangukia ile ya bibi. Saa sita na robo.

Alikaa akizitazama zote mbili.

Kila mtu wa Tunduma anajua kuwa saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja. Simu ikidaka mnara wa Nakonde inajirekebisha yenyewe, na huku Isongole ikidaka wa Malawi inafanya vilevile, kwa kuwa na Malawi wako saa hiyohiyo. Yunisi aliifunga saa ya simu yake isirukeruke miaka mingi iliyopita, mwezi wake wa kwanza wa biashara, zamani kiasi kwamba alisahau kuwa simu huwa zinaruka. Ya mama mkwe hakuifunga. Aliitega kengele tu, akampa.

"Mama," alisema taratibu, akaziweka simu mbili pamoja. "Tazama."

Enesi hakujua kusoma barua lakini tarakimu alizijua vizuri. Alitazama. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hizo siku kengele ililia..."

"Saa tano, mama."

Pumzi ya mtoto ilikuwa inasikika mpaka pale.

"Basi hakuna jini," alisema Enesi. "Ni mimi."

"Simu nilikupa mimi. Kosa ni langu."

"Wa kumlisha nilikuwa mimi." Akaigeuza simu kifudifudi mapajani. "Hapana, mwanangu. Usiniambie hivyo. Mimi nimeliona. Liliongea na mimi."

Hapo Yunisi alielewa jambo ambalo ukali wake wote haukuwahi kumfundisha. Alikuwa anamwomba bibi yule aliyempenda Erica kuliko macho yake akubali kwamba aliyemwangusha mtoto ni mkono wake mwenyewe. Nani angekubali, tena pale pale, mtoto akiwa anakata roho nyuma ya mlango? Ilihitajika wiki nzima ya kuongea. Hakuwa na hata saa moja.

Kule ndani pumzi ilikwama, ikapita kitambo bila kitu, ikavutwa tena.

Yunisi alisimama, akatembea mpaka katikati ya uwanja, akajiangusha. Alitetemeka kama alivyomwona mwanawe akitetemeka, akageuza macho, na sauti iliyomtoka ilimshtua hata mwenyewe.

"Shinga? Ni shinga?"

Watu wakarudi nyuma. Nathanaeli akaja akipepesuka, akapiga magoti mbali kidogo.

"Wewe ni nani?" aliuliza, kama majini yanavyoulizwa.

"Wa saa nne."

"Unataka nini ututoke?"

"Mtoto. Namtaka mtoto na sindano yake. Nataka gari mpaka hospitali, sasa hivi. Mkinipa namwacha yeye, nahamia kwa huyu."

"Mzee," alisema Shadrack, na kwa mara ya kwanza siku hizo zote akawa mtu mwenye akili zake, "huyu ni Yunisi tu. Anaigiza. Mke wangu namjua."

Yunisi, amelala kwenye matope, aliendelea kutetemeka. Mzee Nathanaeli alikuwa anamtazama Shadrack, anasitasita.

Ndipo Bibi Enesi akainuka kwenye ule ukuta wa jikoni. Alikuja polepole mpaka pale alipolala mkwewe, akasimama juu yake. Macho yao yakakutana kidogo.

"Ndilo," alisema. "Ndilo lile lililokuja saa tatu na nusu. Nalijua mimi. Mpeni linachotaka."

Wakafungua.

Erica alipona. Alikaa siku sita wodini na maji yakiingia mkononi, na siku ya tatu aliomba uji. Nyumbani Tunduma Enesi alinunua saa ya ukutani, ya betri, akaipigilia msumari mwenyewe juu ya meza ya chakula, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ile simu aliifunga kwenye gazeti, akamrudishia mkwewe. Hawajaizungumzia mpaka leo.

Mtoto hajaanguka tena, na mtaa mzima unajua sababu: limehamia kwa mama yake. Yunisi amejaribu. Ameweka simu mbili mezani mbele ya majirani, akaeleza Nakonde na Malawi, sukari kushuka na sukari kupanda, akaeleza ile harufu inatoka wapi. Watu walisikiliza vizuri kabisa, wakakubali habari ya saa. Kisha mmoja akamuuliza kwa upole, si ulilitaja kwa kinywa chako mwenyewe, mama Erica? Hakuwa na jibu ambalo halimfichui bibi. Wateja wengine wamekimbia kibanda chake. Wengine wanakuja kwa siri kumwomba awafungulie biashara. Shadrack bado analala upande wa mlango.

Hayo yote Yunisi anayaweza. Asiloliweza ni la asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu anavuta dawa kwenye sindano, anaiinua kwenye mwanga atoe hewa, anakaa kitandani kwa mwanawe.

"Mama," anauliza Erica, kila siku. "Leo ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

Erica anamtazama miguu, halafu uso.

"Hata yeye angesema hivyo," anasema. Kisha anageukia ukuta, anafumba macho, na anatoa mkono.