Nani Anamtisha Ndimu?

"Muongo! Nimekuona kwa macho yangu!"

"Umeona nini, kaka Hamidu? Sema sasa, umeona nini!"

"Mkono! Mkono wako ulikuwa ndani ya tundu!"

"Mkono ndiyo nini?"

"Fungua hicho kiganja basi! Si husemi uongo? Fungua tuone!"

Chiku hakufungua. Alikuwa ameegemea ukuta wa sebuleni, ngumi kaificha nyuma ya sketi ya shule, kidevu kimeinuka juu. Juu ya meza, ndani ya tundu la waya, ndege mdogo wa kijani na njano alikuwa anajibamiza huku na huku, pa, pa, pa, mpaka unyoya mmoja ukatoka ukaanguka taratibu kwenye sakafu.

"Ona!" Hamidu akapiga kelele zaidi. "Ona ulivyomfanya! Kesho mjomba anakuja, anamchukua, na ni kwa sababu yako!"

Mama Hamidu akatokea uani, unga umemganda mpaka kwenye viwiko. "Hee! Mnamwita nani kwa sauti hiyo? Au mnataka watu wote wa stendi waje kusikiliza?"

Sasa, kuelewa huo ugomvi lazima turudi nyuma kidogo.

Mjomba Sefu, kaka yake mama, anaendesha Fuso. Anapakia tangawizi huko Mamba, anashuka nayo milimani, anapita Same kunywa chai kwa dada yake, halafu anaendelea Moshi. Safari moja mteja wake wa Moshi alikuwa anahama, akampa ndege. Kasuku wa aina ile ndogo, ya nje, anayetosha kwenye kiganja. Mjomba akamleta Same kwenye kiti cha mbele cha Fuso, kama abiria kabisa. Hamidu alipomwona tu akampa jina: Ndimu.

Ila Ndimu alikuwa mwoga. Ukisogea tu, anajitupa kwenye waya.

"Huyu akiendelea hivi atajivunja," mjomba akasema. "Nawaachieni mumzoeshe. Nikipita tena, nikimkuta bado anajibamiza, nampeleka Mwanga kwa rafiki yangu anayefuga. Lakini akizoea, basi abaki. Atakayemzoesha ndiye mwenye ndege."

Mjomba alisema "atakayemzoesha". Hamidu yeye alisikia "Hamidu". Fuso haijafika hata barabara kuu, akatangaza nyumba nzima: "Asiguse mtu. Ndege ni wangu."

Nyumbani walikuwa watatu tu muda mwingi: yeye, mama, na huyu Chiku, mtoto wa mama mdogo. Chiku alitoka Myamba, kule juu, mwanzoni mwa mwaka, akaja kusoma darasa la tano hapa mjini. Msichana kimya. Ukimwita anashtuka. Akila, anakaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni aliyepita tu kusalimia. Hamidu hakuwa na ubaya naye, ila pia hakuwa na habari naye.

Mpaka mambo ya ajabu yalipoanza.

Kwanza, kamba. Hamidu alikuwa anafunga kamlango ka tundu kwa uzi wa katani, fundo lake analijua. Akirudi shule, anakuta fundo lingine. Halafu maganda. Chini ya meza kulikuwa na maganda madogo mekundu ambayo hayakutoka kwenye mtama aliokuwa anampa yeye. Na Ndimu mwenyewe badala ya kutulia alizidi. Kila Hamidu akiingia tu nyumbani, ndege anapaa kichaa, manyoya chini. Hata mkono ukiwa na mtama, hataki.

Akamweleza rafiki yake, Elinaza, aliyekuja siku moja kumwona huyo ndege.

Elinaza alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, huyu anakuona wewe mwewe!"

"Acha utani. Kuna mtu anamfanyia kitu nikiwa shule."

"Nani sasa? Mama yako?"

"Darasa la tano wanatoka mapema. Sisi la saba tuna masomo ya ziada."

Elinaza akaacha kucheka, akapunguza sauti. "Kale kadada kutoka mlimani?"

Kuanzia hapo Hamidu akawa askari. Chiku akinyamaza mezani, Hamidu anajiuliza: anaficha nini? Chiku akitabasamu, anajiuliza: anafurahia nini? Siku moja alipita karibu na dirisha akamsikia ananong'ona Kipare, peke yake, sebuleni, mdomo karibu kabisa na tundu. Hamidu amezaliwa hapa hapa Same mjini, Kipare anakishika nusunusu, maneno ya kusalimia na ya kutumwa dukani. Hakuelewa hata neno moja. Anamwambia nini ndege wa watu?

Akaweka mtego. Asubuhi alichota majivu jikoni, akayanyunyiza chini ya meza, kidogo tu, kama vumbi la kawaida la Same ambalo upepo unaleta kila saa. Jioni akapiga magoti kuangalia. Nyayo. Ndogo, za miguu mitupu, zimesimama hapo hapo mbele ya tundu. Akazipima kwa kiganja, akatikisa kichwa kama mpelelezi.

Ijumaa, siku moja kabla ya mjomba kupita, akamwambia mwalimu tumbo linamuuma. Halikuwa linamuuma. Akakimbia nyumbani, akanyata hadi dirishani, akachungulia. Chiku alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, mkono wake mpaka kwenye kiwiko uko ndani ya tundu.

Hamidu hakusubiri kingine. Akaupiga mlango teke, akaingia.

Na hapo ndipo mama alipowakuta.

"Haya," mama akasema, akijifuta unga kwenye khanga. "Mmoja mmoja. Hamidu, wewe unayelia kama king'ora, anza."

Hamidu akamwaga yote: fundo, maganda, Kipare, majivu, nyayo. "Na leo nimemkamata, mama! Nilikuwa dirishani namwona!"

"Ulikuwa dirishani."

"Ndiyo!"

"Mkono wa Chiku ulikuwa ndani ya tundu."

"Ndiyo! Mpaka hapa!"

"Na ndege alikuwa anafanya nini?"

Hamidu angeweza kusema chochote, maana ukimtoa Chiku hakuna mwingine aliyeona. Akamtazama Chiku, akatazama chini.

"Nakuuliza. Alikuwa anajibamiza?"

"Hapana," Hamidu akasema, sauti imeshuka ghafla. "Alikuwa... ametulia."

"Alianza lini kujibamiza?"

Nje upepo ukapita na mfuko wa plastiki, ukaukwaruza ukutani.

"Nilipoingia."

Mama hakusema "unaona". Alivuta kiti, akakaa. "Tusubiri atulie." Wakasubiri wote watatu, hakuna anayemwangalia mwenzake. Ndimu akahema, akajikung'uta, akashika kijiti chake.

"Sasa toka nje," mama akasema. "Halafu uingie kama unavyoingia siku zote. Usiigize. Kama siku zote."

Hamidu akatoka. Akasimama pale kizingitini akijiona mjinga. Mlango wao ni wa chuma, mzito, umepinda kidogo, na upepo wa Same ukiukamata unang'ang'ania. Toka akiwa mdogo anajua dawa yake: unausukuma kwa mguu, unaingia, unauachia ujifunge wenyewe. Akafanya hivyo.

GWAAAM!

Ndimu akaruka akajigonga darini mwa tundu, akaanguka, akaruka tena. Lakini siyo hicho kilichomshangaza Hamidu. Kilichomshangaza ni Chiku. Chiku alikuwa anajua kabisa mlango unakuja kugonga, alikuwa ameambiwa pale pale, na bado mabega yake yaliruka mpaka masikioni na macho akayafumba.

"Mpe chakula," mama akasema. "Kama siku zote."

Hamidu akachota mtama, akafungua kifuniko cha juu cha tundu, akateremsha mkono. Vidole vitano vikishuka kutoka juu kumfuata ndege. Ndimu akajibana kwenye kona, kifua kinapanda na kushuka. Hamidu akakumbuka kicheko cha Elinaza. Mwewe. Akautoa mkono polepole.

"Chiku, mwanangu," mama akasema, "na wewe fungua kiganja."

Ngumi ikatoka nyuma ya sketi. Ndani kulikuwa na ulezi, punje nyekundu zimelowa jasho.

"Ni wa uji, mama mkubwa. Ule alionipa bibi. Nilikuwa nachukua kidogo tu."

"Mbona hukusema?"

"Kaka alisema asiguse mtu. Niliogopa." Akafuta pua kwa mkono. "Na nilikuwa simwambii maneno mabaya. Nilikuwa namwambia habari za nyumbani. Kwamba huku kuna joto, na kule sasa hivi kuna ukungu. Kwa sababu nikiongea Kipare hapa mnanicheka. Yeye hanicheki."

Mama akainamisha uso. Alikuwa amecheka na yeye, siku za mwanzo, siyo kwa ubaya. "Nisamehe, Chiku," akasema. Halafu akamgeukia mwanawe. "Kumbe nyumba hii ilikuwa na waoga wawili. Na wote wawili walikuwa wanausikia mlango ukigonga wanajua wewe umefika."

Hamidu alitaka ardhi ipasuke. "Samahani, Chiku," akasema. "Nimekuita muongo, na hukuwa muongo. Muongo nilikuwa mimi. Nilimdanganya mwalimu naumwa tumbo."

"Hilo tumbo Jumatatu utalipeleka mwenyewe kwa mwalimu, ulieleze," mama akasema.

Jioni ile Chiku alimwonyesha. Unapiga magoti, uso usiwe juu kuliko ndege. Mkono unaingilia pembeni, chini, kiganja wazi. Halafu unakaa. "Hivyo tu?" Hamidu akauliza. "Hivyo tu. Na usimkodolee macho." Kwa Hamidu, kukaa bila kufanya kitu ilikuwa kazi kuliko kubeba maji. Mguu ulikufa ganzi, pua ikamwasha. Ndimu hakuja kwenye kiganja chake. Ila hakujibamiza.

Kesho yake Fuso iliposimama, Hamidu alikuwa ameshakaa nje anamngoja mjomba.

"Shikamoo mjomba. Naomba uongee taratibu."

"Marahaba mjomba. Kwani kuna mgonjwa?"

"Hapana. Kuna ndege."

Wakaingia. Chiku alikuwa amepiga magoti karibu na meza, kamlango ka tundu kako wazi, na Ndimu amesimama kwenye kidole chake, anadonoa ulezi kana kwamba amezaliwa Myamba.

"Lo!" Mjomba akajiziba mdomo, akanong'ona. "Hamidu! Umeweza, mjomba! Hongera!"

Ilikuwa rahisi sana kukubali. Chiku asingesema kitu, Hamidu alimjua. Mjomba angeondoka na Fuso yake, na ndege angebaki wa Hamidu.

"Siyo mimi, mjomba. Mimi ndiye nilikuwa namtisha. Aliyemzoesha ni Chiku."

Mjomba akakuna ndevu. "Nilisemaje mimi?"

"Atakayemzoesha ndiye mwenye ndege."

"Basi. Chiku, ndege wa nani?"

Hamidu moyoni aliomba aseme "wetu". Chiku akamtazama, akamtazama Ndimu, na kwa mara ya kwanza toka aje Same akatabasamu mpaka meno.

"Wangu," akasema. Halafu akaongeza kitu kwa Kipare, kwa sauti, siyo kwa kunong'ona. Mjomba na mama wakaangua kicheko, wakajizuia haraka.

"Amesemaje?" Hamidu akauliza.

"Amesema wewe utakuwa unaosha tundu," mama akasema. "Na ujifunze Kipare, ujue wanakusema nini."

Hamidu akacheka na yeye, ingawa roho ilimuuma kidogo. Mama akamshika bega.

"Sikiliza, mwanangu. Ukishamshuku mtu, kila anachofanya unakiona kibaya. Akinyamaza, anaficha. Akiongea, anapanga. Ulipima nyayo za Chiku kwenye majivu, zako mwenyewe hukuziangalia hata siku moja. Siku nyingine jambo likiharibika, muulize mtu kwanza, kwa upole, kabla hujamhukumu. Na katika wale unaowashuku, ujiweke na wewe."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Ulezi unaisha. Nenda dukani."

Hamidu akachukua mfuko, akatoka. Nje upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa milima, ukaukamata ule mlango wa chuma kama kawaida yake, ukauvuta. Akaushika kwa mikono miwili, akauzuia kwa bega, akaurudisha kidogo kidogo, mpaka komeo likaingia mahali pake bila sauti. Akasimama akatega sikio. Ndani hakuna kilichojibamiza. Alisikia tu Chiku akiendelea na habari zake za ukungu.