Kiti cha Gari la Kumi na Saba

"Hiyo si nusu kilo," alisema Oriella Zanasi.

Muuza tortellini, vile vitambi vya kukunjwa vyenye nyama ndani, akainua macho. Foleni ilikuwa imefika hadi kwenye meza za samaki, na siku ya Jumamosi soko la Albinelli halina subira na mtu.

"Mizani inasema nusu kilo, dada."

"Mizani yako imepima na karatasi. Karatasi hiyo haipungui gramu kumi na mbili."

"Jamani!" ilisikika sauti ya kiume nyuma yake. "Mwongezee tatu, mama, tukapike. Au nimpe zangu?"

Oriella aligeuka. Mwanamume huyo alikuwa amevaa koti la rangi ya majani makavu lililopauka viwikoni, na nyuzi za kushonea zilikuwa zimenasa kwenye mkono wake mmoja. Alinukia ngozi na gundi. Oriella mwenyewe alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na nywele amezishika kwa penseli.

"Tatu ni gramu sita," akamwambia. "Hazitoshi."

"Basi mwongezee sita! Loo! Mumeo unampimia chakula?"

"Sina mume."

"Sishangai," alijibu yule mtu, halafu akawa mwekundu mpaka masikioni. "Samahani. Ulimi umeniponyoka. Naitwa Learco Malagoli, fundi viti. Nikununulie kahawa? Kahawa haifungwi kwenye karatasi."

Oriella alicheka. Wafanyakazi wenzake wa Officine Scaltriti wangeshangaa kumwona, kwa maana kiwandani alilipwa kwa kukataa. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza gari moja tu, Gheppio, na kwa idadi ya thelathini na tisa tu. Injini yake ilikuwa na silinda kumi na mbili, nguvu za farasi mia saba na themanini, na ilizunguka mpaka mara elfu tisa na mia nne kwa dakika bila kulalamika. Wateja walikuwa wameahidiwa kwamba gari tupu halitazidi kilo elfu moja na themanini. Kazi ya Oriella ilikuwa kuilinda ahadi hiyo. Aliyetaka kuongeza hata skrubu alipita kwake kwanza, na kwa kawaida alirudi na skrubu yake.

Jumatatu ile alimkuta Learco kwenye karakana ya kiwanda, amepiga magoti mbele ya kiti cha kwanza cha Gheppio.

"Mama Mizani!" alisema Learco. "Kumbe ndiwe wewe wanayekuogopa."

Wakawa wapenzi kabla majira hayajabadilika. Learco alimpigia simu kila jioni kumuuliza siku hiyo amemliza nani. Oriella alimjibu kwa jina na kwa gramu. Jumapili walikula kwa Bi Iride, mama yake Learco, aliyemwita Oriella mwanangu na kumjazia sahani bila kupima chochote.

Mwezi Novemba gari lilipandishwa kwenye mizani. Lilizidi kilo nane na robo. Oriella alipima kila kitu upya, kisha akavipima viti. Kila kimoja kilikuwa kilo tisa na gramu mia tatu. Kulikuwa na karakana huko Parma iliyoweza kutengeneza ganda la kiti kwa nyuzi za kaboni kwa kilo tano na gramu mia moja. Viti viwili, tofauti ni kilo nane na gramu mia nne. Hesabu ilikuwa wazi, naye aliipeleka kwa bodi siku ya Alhamisi. Bodi ikaikubali. Barua ya kusitisha kazi yake ilikuwa imfikie Learco Jumatatu, na kanuni ya kiwanda ilisema mzabuni asidokezwe lolote kabla ya barua.

Katikati ya Alhamisi na Jumatatu kulikuwa na Jumapili.

"Mwanangu viti vyake vitakaliwa na matajiri thelathini na tisa," alisema Bi Iride akimimina mchuzi. "Au si hivyo, Oriella?"

"Niongeze mchuzi kidogo, mama," alijibu Oriella. Akaondoka kabla ya kahawa, akisingizia kazi.

Jumatatu simu ililia.

"Ulijua?" aliuliza Learco.

"Habari za asubuhi kwanza."

"Oriella. Jana, mezani kwa mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu Alhamisi."

"Na ukala sahani mbili!"

"Kanuni inasema mzabuni asiambiwe kabla ya..."

"Mimi ni mzabuni?"

"Kwa jambo hili, ndiyo."

"Na jana nilikuwa nani?"

Hilo lilikuwa swali lenye jibu fupi. Oriella alijibu jingine. "Viti vyako ni vizito, Learco. Ziada ni kilo nane na gramu mia nne ukijumlisha vyote viwi..."

Simu ilikatwa.

Alipiga tena, haikupokelewa. Alipiga kutoka simu ya ofisini, Learco akaisikia sauti yake na kukata. Alikwenda mpaka kwenye karakana ya Learco barabara ya Vignola, akaambiwa fundi ametoka, huku koti lile la rangi ya majani makavu likionekana limetundikwa mlangoni. Majira ya baridi yakapita hivyo. Oriella aliamini kwamba mtu akionyeshwa hesabu sahihi hasira humwisha, kwa hiyo mwezi Machi, gari lilipojaribiwa uwanjani, alimtumia matokeo: kutoka kasi ya kilomita mia mbili hamsini, lilisimama kwa umbali pungufu ya ule wa zamani kwa karibu mita moja, tairi zile zile, breki zile zile. Alimtumia na mchoro.

Jibu lilikuwa neno moja. "Hongera."

Alilisoma mpaka kahawa ikapoa, akitafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwamo.

Tatizo la ganda la kaboni ni kwamba ni gumu kama sakafu. Ndani yake lazima limwagwe povu linaloumuka na kuganda kwa umbo la mwili wa mwenye gari, ili kwenye kona mtu asiteleze. Mwenye gari la kumi na saba, Bi Wyss wa Lucerne, alikuwa amevunjika mguu kwenye theluji na hakuweza kuja. Alituma vipimo vyake. Mhandisi mkuu Cavazzuti alivisoma, akamtazama Oriella juu mpaka chini.

"Mabega, kiuno, urefu, vyote sawa. Utakaa wewe."

"Nani atamwaga? Wale wa Parma wameharibu povu la viti viwili."

"Nimempigia Malagoli."

Oriella aliweka kalamu chini. "Amekubali?"

"Amekubali kumwaga povu," alisema Cavazzuti. "Mengine sikumuuliza, na wewe usiniharibie kiti."

Learco alikuja na aproni, glavu na makopo. Alikuwa amekonda kidogo.

"Habari, injinia."

"Nzuri. Learco, mimi..."

"Kaa. Mikono kwenye usukani, mguu wa kulia kwenye breki. Pumua juu juu. Ukitikisika, tunaanza upya."

Alichanganya vimiminika viwili, akavimwaga kwenye mfuko nyuma ya mgongo wa Oriella. Joto lilianza kiunoni likapanda taratibu. Cavazzuti alitoka kupokea simu. Learco alivuta kigoda, akakaa mahali ambapo macho ya Oriella hayakuwa na pa kukimbilia.

"Sasa utanisikiliza."

"Lear..."

"Mbavu, injinia! Usizitikise." Alivua glavu. "Viti vyangu vilikuwa vizito. Unadhani sina mizani kwangu? Nilijua kabla yako. Nilikuwa nasubiri uniambie, tukae tubishane, unitukane, nipunguze sponji. Ungenifukuza kazi mwenyewe, kwa mdomo wako, ningelala usingizi mzuri."

Oriella alitazama mbele. Alikuwa na majibu manne, yote mazuri, na hakuwa na pumzi ya kutoa hata moja.

"Jumapili ile nilimwambia mama atenge kahawa nzuri," aliendelea Learco kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na neno la kusema baada ya kahawa. Nimelifanyia mazoezi kwenye gari kama mwendawazimu. Ukavaa koti ukaondoka. Nikadhani umechoka, maskini. Kumbe ulikuwa unakimbia macho yangu. Nikukasirikie kwa kilo nane, mimi? Nimekasirika kwa sababu ulikaa ubavuni mwangu kama uko kwenye kikao."

Kisha akangoja povu lishike. Huo ndio ulikuwa muda mrefu kuliko wote.

Alipomtoa, aliibandua kalibu, yaani povu lililoganda kwa umbo la mgongo wa Oriella, na kuilaza juu ya meza. Oriella aliona kasoro kabla yake. Upande wa kushoto, penye mbavu, palikuwa na mikunjo mitatu, na penye bega pamebonyea.

"Haifai," alisema.

"Haifai kabisa." Learco alipitisha kidole gumba. Povu hushika kuanzia chini, kwa hiyo kalibu husomeka kutoka chini kwenda juu, na yeye alijua kuisoma. "Huku chini umetulia. Hapa nilisema habari ya kahawa. Na hapa juu..." Alimtazama. "Miezi yote hii nilidhani hujali."

"Nilikuwa nakupigia simu kila siku!"

"Ulikuwa unanitumia michoro ya breki!"

"Sikuwa na kitu kingine kilichokuwa sahihi!" Sauti yake ilipasuka, akaiacha ipasuke. "Nilikosea. Ningekuambia Alhamisi ile ile, kabla ya kuvua koti. Kanuni ningeivunja. Wakati ule sikujua kwamba ningeweza. Sasa najua."

Cavazzuti alikuwa amerudi. "Nani ametikisika?"

"Mimi," alisema Oriella.

"Wewe? Wewe unayeninyima hata washa ya skrubu?" Alijishika kichwa. "Kopo limebaki moja. Moja tu! Malagoli, mwaga. Mimi sitoki tena humu."

Oriella akakaa. Mikono kwenye usukani, mguu kwenye breki. Learco alimwaga, joto likaanza kupanda. Lilipofika kiunoni, akainama mpaka usawa wa uso wake.

"Utaolewa na mimi?"

Cavazzuti alitoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Oriella alimkazia Learco macho. Ndani ya kichwa chake alimwita mshenzi, mwana haramu, mtu asiye na utaratibu. Povu lilipita mbavu, likapita mabega, likawa gumu. Learco alikaa kigodani akitafuna midomo, na safari hii yeye ndiye aliyengoja.

Alipoibandua kalibu, aliigeuza kuelekea dirishani na kuipitishia kiganja, kutoka chini mpaka juu. Ilikuwa laini kama yai. Uso ukamshuka.

"Hakuna hata alama moja," alisema. "Yaani hukushtuka hata kidogo?"

"Nishtuke nini?" alijibu Oriella, akinyoosha mgongo. "Ningeshtuka kama ningekuwa bado natafuta jibu."

Fundi viti alihitaji muda kuipiga hesabu hiyo. Alipoikamilisha, Cavazzuti alimpokonya kalibu mikononi kabla hajaiangusha.