Barua ya Madame Kapinga

Mtu mwenye haraka hana adabu, na siku ile Constance alikuwa na haraka. Aliipita foleni yote ya secrétariat public ya mzee Clément, pale karibu na chuo ambapo wanafunzi huja kuchapisha kazi zao na kutoa fotokopi, akaenda kusimama mbele kabisa. Alivaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa vizuri na sketi ya kitenge yenye ndege wa kijani. Kijana aliyekuwa kwenye mashine, mwembamba, shati lake limefungwa hadi kifungo cha mwisho, hakuinua hata macho.

"Dada, mustari inaanzia kule inje."

"Yaya, kaka yangu, niko na karatasi moja tu."

"Bote bale bako na karatasi moja tu. Baulize."

Foleni ikacheka. Constance akaisukuma karatasi yake mwenyewe ndani ya mashine, na hapo hapo umeme ukakatika na mashine ikanyamaza na karatasi hiyo tumboni. Kijana akafungua mlango wa mashine, akamwomba amshikie kifuniko, akaitoa karatasi taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Umeme uliporudi, blauzi ilikuwa na vidole vitano vyeusi vya wino.

"Angalia vile umenifanya!"

"Mi? Ile ni mukono yako. Mais lete, nitaifua mi mwenyewe."

"Unafulaka nguo ya bibi ya batu?"

"Uko bibi ya mutu?"

"Hapana," akasema Constance, upesi mno, na foleni ikacheka tena.

Jina la kijana lilikuwa Hénoc, mtoto wa familia ya Wakasai waliokaa komini ya Kenya, mtaa wa mji huu, tangu babu yake. Constance alikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, binti wa mstaafu wa reli, na kwao ni komini ya Kampemba. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mvua za kwanza ziliponyesha, hata wauza maandazi wa pale nje walishajua kwa nini Hénoc hufunga saa kumi na moja kamili.

"Umekula, chérie?" Hénoc alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nimekula bukari na sombe. Na weye?"

"Mi nimekula sauti yako."

"Bongo, uongo mutupu! Utakufa na njala."

Mwezi wa nne, chuo kimoja cha Rabat kilitangaza nafasi za kusomea upimaji wa maji, miaka miwili, kila kitu kimelipwa. Constance aliileta fomu kwa Hénoc. Shangazi yake wa mtaa wa Hewa Bora alimzika mtoto kwa sababu ya maji ya kisima, na tangu siku ile Constance alitaka kazi hiyo tu duniani. Alama alikuwa nazo. Kilichobaki kilikuwa barua moja ya mwalimu anayemfahamu mwanafunzi.

"Nitaomba Professeur Mwape," alisema. "Ni mukubwa. Jina yake banaijua mpaka Ulaya."

Hénoc aliirudisha fomu mezani. "Usiende kwa Professeur Mwape."

"Juu ya nini?"

"Usiende tu. Enda kwa Madame Kapinga."

Hapo Constance akasimama. Madame Kapinga alikuwa msimamizi wa maabara, mama mfupi mwenye miwani mizito, na ndiye aliyemfanya arudie mwaka. Mama yake Constance alikuwa amelazwa, binti akafika maabara amechelewa, akajaza vipimo vya maji kutoka kichwani. Madame aliyasoma makaratasi, akauliza, "Hii maji uliipima wapi?" Akaandika sifuri. Kweli, mwaka uliofuata Madame alibaki naye kila Jumamosi, akimrudisha kwenye kipimo kile kile mpaka kitoke sawa. Lakini sisi binadamu tunakumbuka kofi kuliko chakula, na Constance alikumbuka sifuri.

"Unataka nimuombe ule mwenye alinipa zéro? Aandikie bantu ba Rabat kama mi ni muongo?"

"Njo anakujua kupita bote."

"Sema tu kweli, Hénoc. Hautaki niende."

Na hapa ndipo kijana alipoharibu, maana alikawia kujibu. Ni kweli hakutaka aende. Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ilikuwa kwenye kompyuta yake na hakuweza kuisema, kwa sababu sheria ya kwanza ya mzee Clément ni moja: kinachochapwa hapa hakitoki nje ya mlango. Constance aliuona ule ukimya, akauchukua kuwa jibu. Akakunja fomu yake, akaondoka, na simu za Hénoc zikaanza kulia mahali ambapo hakuna mtu wa kuzipokea.

Professeur Mwape alimpokea vizuri sana, kwa dakika mbili. "Jina lako? Bon. Enda kwa Clément, uwaambie wakutolee barua ya modèle ya kawaida. Ulete, nisaini."

Kwa hiyo Constance alirudi katika ile foleni, safari hii akapanga mstari kama watu wengine, uso ameukaza. Alipofika mbele, Hénoc alimwangalia kama mteja.

"Jina?"

"Unaijua."

Akachapa jina, karatasi ikatoka. Constance akasoma: mwanafunzi wa kipekee, wa kwanza katika kila somo, hajawahi kushindwa, profesa hajapata kuona mwingine kama yeye. Kwa sekunde moja alifurahi. Kisha Bijou, mwenzake wa darasa aliyesimama kando, akafungua karatasi yake ili atafute makosa, na Constance akaona maneno yale yale, nukta kwa nukta, na jina la Bijou juu yake. Bijou hajawahi kuwa wa kwanza hata kwenye mlango wa darasa.

Constance alimtazama Hénoc. Hénoc alitazama kibodi. Constance alielewa kwa nini alikatazwa kwenda kwa profesa, na angeweza kusema "nisamehe" palepale, lakini aliona aibu. Akaiacha karatasi mezani, akatoka.

Jumamosi alikuwa mlangoni pa maabara.

"Madame, nimekuja kuomba barua."

Madame Kapinga alivua miwani. "Kwa mi? Unajua nitaandika kila kintu. Na ile zéro."

"Ninajua, Madame."

"Na bado unaomba?"

"Bale bengine bote habanijui."

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Madame aliandika kwa mkono, siku tatu, akifuta na kurudia, na siku ya mwisho ya kupokea maombi, Ijumaa mchana, akaipeleka kwa mzee Clément ichapwe na kutumwa kabla ya saa kumi na moja. Aliyeketi kwenye mashine unamjua.

Hénoc alichapa polepole. "Mwanafunzi huyu alinidanganya mara moja, nikampa sifuri. Mwaka uliofuata alipima maji yale yale mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja akanionyesha kosa langu mimi. Sijui kama ni wa kwanza. Najua kwamba maji atakayosema ni safi, mimi nitawanywesha watoto wangu." Kijana alichapa mpaka mwisho, hakubadilisha neno, na moyo wake ukamwambia: kwisha, anaenda.

Madame akasaini upesi kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda, akaondoka. Ni baada ya hapo Hénoc alipoona kwamba amesaini ukurasa wa pili tu. Fomu ilitaka sahihi kwenye kila ukurasa. Aliijua fomu ile kuliko Constance mwenyewe. Simu ya Madame ilikuwa imezimwa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Angebofya tu kuituma, Rabat wangeitupa barua, na hakuna mtu duniani angemlaumu. Alikaa na jambo hilo muda wa kutosha kulionea haya. Kisha akamwambia mzee Clément, "Nakuya," akasimamisha taxi-moto kwenye mvua.

Nyumbani kwa Madame Kapinga, Hewa Bora, sebuleni, alikuta mtu ameketi na bakuli la vitumbua vya shukrani, amevaa gauni la bluu na nywele zimesukwa upya. Alikuwa Constance. Hénoc alisimama mlangoni, maji yanamtiririka, bahasha ameificha chini ya shati.

"Madame, sahihi ingine. Ukurasa ya kwanza."

Madame akasaini, akawatazama wote wawili, akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria motoni.

"Ulikuja na hii mvua yote?" Constance aliuliza.

"Dakika zilikuwa kidogo."

"Hénoc. Ile siku, haukutakaka niende, ao nilikuonea?"

"Haukunionea. Sitaki uende." Akairudisha bahasha chini ya shati. "Leo nilitaka ubakie mpaka nikaogopa mikono yangu. Njo maana nilikuya mbio."

Constance alilia bila kujificha. Alimwomba msamaha kwa zile simu, kwa yale maneno, kwa kupita foleni siku ya kwanza, na Hénoc akamfuta machozi kwa mkono uliolowa kuliko uso wenyewe.

Walirudi watatu kwenye pikipiki moja, pamoja na dereva. Saa kumi na dakika arobaini na tano barua iliondoka. Hénoc alibaki akitazama kioo cha kompyuta, na watu wa foleni wakaanza kulalamika.

"Jumapili, kisha misa, ukuje kwetu," Constance alisema. "Baba akuone. Ukuje na wazee."

"Na kama Rabat banakukubali? Ni miaka mbili."

"Banikubali, bakatae, we ukuje."

Hénoc aligeuka akamtazama mzee Clément. Ikabidi mzee Clément ajibu kutoka kwenye kiti chake cha pembeni, bila kuacha kupanga karatasi.

"Atakuya, mama. Miaka sita anafanya kazi hapa, mi njo namujua. Nitamusemea kwa baba yako mi mwenyewe."