Jino Katika Chekeche la Shangazi

Kilichomvutia Kisusuli kwanza ni kule kung'aa. Kila asubuhi ya likizo alimpelekea shangazi yake maji ya kunywa korongoni, kwa watafiti wa mifupa ya kale, na mawe ya huko yote yalijaa vumbi. Kitu hiki kimoja, kilichochomoza kwenye udongo wa kijivu, kilikuwa laini kama mbegu ya ukwaju. Akakichokoa kwa kijiti. Jino!

Shangazi alikuwa amempa mgongo, akichekecha udongo mwekundu uliochimbwa tabaka la juu. Miaka sita ya vumbi, na bado aliitwa "yule wa chekeche". Kisusuli akanyata, akalitumbukiza jino ndani ya chekeche, akajitenga.

"Jamani, njooni mwone!" shangazi alipaza sauti punde.

Mtafiti mkuu alilitazama jino kwa lenzi, akatabasamu, kisha akakunja uso. "Ni la binadamu wa kale sana. Lakini udongo mwekundu si wa kale hivyo. Basi watu hawa waliendelea kuishi maelfu ya miaka baada ya wakati tuliodhani walitoweka! Itabidi tubadilishe tulichoandika."

"Mama wa chekeche kageuza dunia," dereva wao alitania. "Kesho hatatusalimia!"

Wote wakacheka. Kisusuli akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Wewe, umeingiwa na siafu?" shangazi akamuuliza.

Mtafiti akafungua daftari. "Tabaka jekundu..."

"Siyo!" Sauti ilimponyoka Kisusuli. "Nililitoa kule chini, kwenye kijivu. Mimi ndiye niliyelitia kwenye chekeche."

Kalamu ikasimama. Shangazi akainamisha kichwa.

Kisusuli akawaongoza hadi kwenye kitundu alichochokoa. Jino likaingia humo sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake.

"Jino ni shahidi," mtafiti alisema. "Ukilihamisha, unalifundisha uongo, nasi tungewasomesha watoto uongo huo. Umekosea, lakini umesema kabla wino haujakauka. Siku nyingine ukiona kitu, usikiguse. Ita mtu."

Wakati wa kurudi nyumbani shangazi alitangulia, chekeche begani. Njia panda akageuka.

"Ulitaka nini hasa, mwanangu?"

Kisusuli alichimba vumbi kwa kidole cha mguu.

"Nilitaka wakuulize jina lako, shangazi."