Pembe Nne za Kadi

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, na watu wa ghorofa sita wakabaki kugombea ngazi moja. Wanaopanda walibanana na wanaoshuka, mizigo ikapigana vikumbo, na katikati ya msukumano huo mguu mmoja wa stendi ya kamera aliyobeba msichana ukampata kijana kwenye kiwiko. Chai yake yote ikaishia kifuani.

Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate.

"Dada, hayo ni macho au mapambo?"

"Mimi nina mzigo. Wewe uliye na mikono mitupu ndiye ulipaswa kuona."

"Sikuwa na mikono mitupu. Nilikuwa na chai."

Msichana akamtazama kuanzia doa mpaka viatu, akajizuia kucheka. Alivaa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa kama ya seremala na kilemba cha manjano, na begani alibeba sanduku la mbao.

"Umefuga nyuki humo?" kijana akauliza.

"Ni kamera ya marehemu baba. Naipeleka ghorofa ya tano kwa fundi wanayemwita Skrubu. Wanasema ana maringo, lakini mikono anayo."

"Nani anasema ana maringo?"

"Kila niliyemuuliza njia."

Kijana akaweka kikombe kitupu dirishani, akalipokea sanduku kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

"Basi nifuate. Maringo na mikono vyote vinapanda pamoja."

Kijana ndiye aliyekuwa Skrubu mwenyewe. Hakuwahi kupoteza skrubu hata moja, ndipo jina lilipotoka. Chochote kilichotoka ndani ya kamera alikitia kwenye mkebe wenye karatasi ya maelezo, hata kama ni uchafu. Msichana naye alikuwa na jina lake la mtaani. Alipiga picha za pasipoti na vitambulisho kando ya ofisi za serikali, na kwa kuwa kutwa nzima aliwaambia watu wasicheke, mtaa mzima ulimwita Usicheke.

Skrubu alipofungua sanduku, maringo yakamtoka kwa muda. Ilikuwa kamera kubwa ya zamani: mbele lenzi ya shaba, nyuma kioo cha ukungu ambacho picha huonekana juu yake kichwa chini, na katikati mfuko wa ngozi wenye mikunjo kama kodiani.

"Baba alimpiga mama picha moja kila mwaka, siku ya arusi yao," Usicheke akaeleza. "Kiti kilekile, ukuta uleule. Zipo thelathini na moja. Mwisho wa mwezi mama anahamia kwa kaka yangu, mji mwingine, na nyumba tunairudisha kwa mwenyewe. Nataka ya thelathini na mbili kabla kiti hakijaondoka. Filamu zimebaki nne, kila moja picha moja, na hazipatikani tena."

"Utaipata," Skrubu akasema. "Nakuahidi kwa mikono hii."

Kazi ilichukua wiki tatu. Kila mchana Usicheke alifunga kibanda chake, akapanda ngazi na chakula cha watu wawili. Alimkuta Skrubu amekwisha kung'oa lenzi, amefungua shata, kile kikope cha chuma kinachofumba na kufumbua, anakisafisha kipande kwa kipande kwa brashi ya unyoya. Siku moja akafunga dirisha na mlango, akatia taa ndani ya mfuko wa ngozi.

"Sogea uone."

Gizani, vitundu kumi na kimoja vilimeta kwenye mikunjo.

"Nyota adhuhuri," Usicheke akanong'ona.

"Kila nyota ni doa kwenye picha. Leo tunazizima." Akampa gundi na kitambaa cheusi. Walizima kumi. Ya kumi na moja ilichelewa, maana vidole vyao vilikutana juu yake na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuviondoa.

Jioni ujumbe wa Skrubu ukaingia kwenye simu ya Usicheke:

*Kioo kimegeuza, kichwa kimekwenda chini,
Nawe umenigeuza, sijui nashika nini.*

Usicheke akajibu: "Shika bisibisi." Kisha, baada ya dakika moja: "Kesho nikija, shika na mkono wangu."

Siku ya mwisho Skrubu akatoa kioo cha ukungu ili akioshe. Chini yake, kwenye kila pembe, akakuta kipande kidogo cha karatasi ngumu iliyofifia. Akavicheka. "Mzee alikuwa akikaza kioo kwa makaratasi," akajisemea. Akavitia mkebeni, akabana kioo kwa vibanio vipya vya chuma. Usicheke alipouliza kama wajaribu filamu moja kwanza, akainua kidevu.

"Kazi yangu haijaribiwi, kipenzi. Inatumika."

Jumamosi Usicheke akapiga simu. Sauti ilikuwa baridi.

"Nimepiga mbili. Zote mbili uso wa mama ni ukungu."

Skrubu akasema neno ambalo angelipa chochote kulirudisha mdomoni. "Mama alitikisika."

"Mama yangu amekalia kiti kile miaka thelathini na moja. Hatikisiki."

"Basi ni mkono wako."

"Mkono wangu?"

"Mimi kazi yangu naijua."

"Na mimi namjua mama yangu. Uso wake umepotea, wewe unatetea vibanio." Akakata.

Jumatatu Skrubu alikuta picha imepenyezwa chini ya mlango wa karakana. Nyuma yake Usicheke ameandika: *Hii ndiyo kazi yako.* Akaitia kwenye droo kwa hasira. Alipiga simu mara mbili, haikupokelewa, naye akaapa hatapiga ya tatu. Alikula peke yake mezani, na chakula hakikuwa na ladha. Siku ya tano akaitoa ile picha, akachukua kioo cha kukuzia ili athibitishe kwamba ilitikiswa.

Uso ulikuwa ukungu, kweli. Lakini mama alikuwa ameshika miwani ya marehemu mbele ya kifua, na ile miwani ilionekana safi, mpaka mkwaruzo kwenye kioo chake cha kushoto.

Picha iliyotikisika hutikisika yote. Hii haikutikisika. Kioo cha ukungu kilikuwa kimesimama mbele kidogo ya mahali inapokaa filamu, hivyo Usicheke alilenga macho kwa uangalifu na filamu ikachukua miwani iliyo karibu zaidi. Kidogo kiasi gani? Akafungua mkebe, akamwaga vile vipande vinne juu ya meza. Kiasi hiki. Mzee hakuwa akikaza kioo. Alikipima kwa karatasi, akakiweka mahali pake hasa, na fundi asiyeuliza akavitoa kama takataka.

"Mzee, nisamehe," akasema kwa sauti, peke yake chumbani. "Na ahsante kwa kuniachia dawa."

Kesho yake akapanga foleni kwenye kibanda cha picha. Mbele yake watu sita. Zamu ilipofika akaketi kwenye kigoda. Usicheke alikuwa ameinama, anarekebisha taa.

"Tazama mbele. Usicheke." Akainua kichwa, akamwona.

"Sicheki," Skrubu akasema. "Nimekosa mimi. Si mkono wako, si mama. Nilitoa kitu cha baba yako bila kukuuliza, kisha nikakutupia lawama."

"Umekuja kuyasema hapa, mbele ya watu?"

"Nilijisifu mbele ya watu. Acha na kosa nilikiri hadharani."

Mama mmoja kwenye foleni akakohoa. "Binti, msamehe au mfukuze. Wengine tuna safari."

Usicheke akabofya kamera yake ndogo. "Nimeipiga," akasema. "Sura ya mtu aliyekosa. Nitaitundika ukutani." Lakini mdomo wake ulikuwa unavunja sheria ya kibanda.

Zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi uishe. Sebule ya mama ilijaa maboksi yaliyofungwa kamba. Kiti peke yake hakikuguswa. Skrubu akaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenitia ukungu?"

"Ndiye, mama."

"Basi nitakase."

Alirudisha kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa kimeoza kwa uzee. Kikasagika katika ncha za koleo. Akakaa akitazama unga ule. Kisha akakata kipande cha karatasi ya maelezo kutoka kwenye mkebe wake, akakikunja mpaka unene ukalingana. "Kitashika kwa leo," akasema.

Mama akaketi, miwani mkononi. Usicheke akajifunika kitambaa cheusi, akalenga macho. Filamu ya tatu. Walipoisafisha na kuichapa bafuni, uso ukaibuka taratibu majini: kila mkunjo, kila unywele wa nyusi, na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo. Usicheke akalia juu ya bega la shati jeupe, na safari hii Skrubu hakuulizia doa.

"Ahsante," akamwambia.

"Mshukuru mzee. Mimi nilirudisha tu."

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaenda kwenye boksi la mwisho, akatoa kadi ya arusi iliyofifia. Haikuwa na pembe hata moja.

"Alizikata mwaka wa kwanza," akasema. "Nikamnunia siku tatu. Nikamwambia, bwana wee, umeikata arusi yetu. Akaniambia, nimeiweka pale inaposhika kioo, kila nikikutazama nikutazame kupitia kwayo." Akapangusa macho. "Sikujua kama bado zimo. Umeniletea mume wangu, mwanangu. Ahsante."

Skrubu akaitazama kadi. "Mama, nikikata kidogo pembeni hapa, nitapata kipande cha nne."

Mama akaificha kadi nyuma ya mgongo. "Hii imekwisha toa pembe zake zote. Tafuta kadi nyingine."

"Nitaitoa wapi kadi ya arusi?"

Mama akamtazama binti yake, kisha akashughulika na kamba ya boksi lililokwisha fungwa.

Skrubu, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, alitafuta maneno mifukoni kama aliyepoteza funguo. "Usicheke," akaanza.

"Sicheki."

"Itabidi tuichapishe sisi."

"Hilo ni ombi au ni matengenezo?"

"Vyote viwili."

Usicheke akamshika mkono, kwa mkono uleule aliosingiziwa. "Basi chapisha," akasema. "Lakini safari hii tutajaribu moja kwanza."

"Na filamu ya nne?" Skrubu akauliza.

"Hiyo msiiguse," mama akasema bila kugeuka. "Ina siku yake."

Miezi minne baadaye kadi zilisambazwa mjini, karatasi ngumu, maua ya fedha. Ya mama ilikwenda kwa posta mpaka kwa kaka. Mama aliifungua dirishani, akaipapasa kwa kidole kuzunguka ukingo wote. Ilikuwa na pembe tatu tu.