Fimbo ya Shaba ya Tabu

Kila siku akitoka shule, Tabu alifungua friza, akabonyeza samaki kwa kidole, akamwambia mama yake kama bado ni wagumu. Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Musoma nzima ilizimika karibu kila siku, na samaki hawajui ratiba. Basi baba yake, Mzee Shomari, akanunua jenereta kuukuu kutoka Sirari. Jumamosi akaja Fundi Magesa kuifunga. Kesho yake ilikuwa harusi ya shangazi, na sangara wote wa wageni walikuwa ndani ya friza ile.

"Fundi, nipe kazi na mimi," Tabu alisema.

Fundi akampa nyundo na fimbo ya shaba iliyomfika kifuani. "Igongomelee pale uani mpaka ibaki shubiri moja. Hii ndiyo inapeleka ardhini umeme uliovuja. Isipozama, umeme unatafutaga mtu."

Lakini mawe ya Musoma, nani asiyeyajua? Fimbo iliingia kiasi cha goti, ikagonga mwamba. Tabu akapiga nyundo hadi viganja vikatoka malengelenge. Na alikwisha kujigamba mbele ya kaka yake Pazi kwamba kazi ile ni ndogo! Aibu ikamshika. Akachukua msumeno wa chuma, akakata iliyozidi, akakificha kipande katika banda la kuku.

"Imezama?" Fundi aliuliza.

"Imezama, Fundi."

Fundi akaona shubiri moja tu, akafunga waya. "Umenishinda hata mimi," akasema. Sifa ile Tabu hakuifurahia hata kidogo.

Jenereta ikanguruma. Mama, aliyekuwa akipiga deki, miguu peku na mikono imelowa, akaiendea friza huku akiimba. Alinyoosha mkono. Tabu akapiga kelele:

"Mama, usishike! Fundi, zima, nilikudanganya."

Fundi akazima. Tabu akaleta kipande chake, kimejaa kinyesi cha kuku, huku akilia. Fundi akaivuta friza, akachungulia nyuma. Panya walikuwa wameguguna waya wa friza, nao umegusa bati lake. Mama akaketi sakafuni palepale penye maji.

"Na mimi nina kosa," Fundi alisema. "Sikukagua."

Akaufunga waya upya. Kisha akatoa fimbo nyingine, wakahamia penye udongo laini, karibu na bafu. Pazi alimwaga maji, Tabu akagongomelea, na safari hii ikazama kweli. Alasiri sangara walikuwa wagumu, na mama akaimba tena.

"Mwamba si kosa lako, mwanangu," Fundi alimwambia Tabu akifunga mkoba wake. "Ungeniambia tu umekwama, tungehama hatua kumi. Kazi hii inafukiwaga, haionekani na mtu. Ndiyo maana inataka mtu mkweli. Leo umechelewa kusema, lakini umesema, na mama yako yupo."

Tabu alikiosha kile kipande, akakitundika ukutani, juu ya friza.