Tairi Lililolamba Lami

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa dereva wa bajaji, na watu walimwita Taratibu kwa sababu hakuona haya kupitwa na baiskeli. Kila asubuhi alikagua upepo wa matairi kabla ya chai. Bajaji ina gurudumu moja tu mbele, na hilo likiteleza hakuna jingine la kukuokoa.

Mvua zilipokaribia, tairi lake la mbele lilikuwa limekwisha, kipara kitupu. Akaokota jingine mtaroni, nyuma ya gereji iliyofungwa. Upande mmoja ulikuwa umelika, lakini meno yalikuwa bado yapo. Akalipeleka kwa mdogo wa kike wa mkewe, fundi wa pancha.

“Shemeji, umelitoa wapi hili? Linanata.”

“Lioshe tu, shemeji yangu. Cha bure hakichaguliwi.”

Akalisugua kwa sabuni. Likaendelea kunata. Akalifunga hivyo hivyo.

Mvua ikaja. Kwenye kona ya soko bajaji zilikuwa zikiserereka, moja ikalala ubavu na abiria wake. Taratibu akapita kama vile lami ni kavu. Hata aliposhika breki ghafla, gurudumu lilibaki limeng'ang'ania chini. Wenzake wakamsifu, naye akavimba kichwa. Jambo moja tu lilimkera: mlio. Tairi kwenye maji hulia kama kitambaa kinachochanwa. Hili lilitoa sauti ya mtu anayelamba sahani.

Halafu likaanza kupungua upepo. Fundi alilizamisha kwenye beseni, hakuona povu. Walijaza, likapungua tena.

Siku moja, akiwa amempakia mwalimu wa shule ya jirani, aliona mbele yake mzoga wa paka uliovimba kwa mvua. Akataka kuukwepa. Usukani ukagoma. Ukavuta wenyewe, pole pole, mpaka wakapita juu yake. Mwalimu akaziba pua. Taratibu akageuka.

Paka hakuwepo. Lami ilikuwa safi, inang'aa.

Kesho yake tairi lilikuwa gumu kama jiwe, na hakuna aliyelitia pampu. Akainama, akapitisha kidole kwenye meno yake. Yalikuwa yameota upya. Laini. Yenye mikunjo kama kaakaa la ng'ombe. Yana joto. Kidole kilitoka na ute unaovutika, unanuka kinywa cha mgonjwa. Chai ikampanda kooni, akatapika pale pale.

Matapishi yakatiririka hadi kwenye gurudumu. Hayakutokea upande wa pili.

Akaiendesha bajaji kwa fundi akiwa ameushika usukani kwa ncha za vidole, kama anayebeba nepi chafu. Binti yake alikuwa amekaa barazani kwa huyo fundi, mama yake mdogo, anachezesha miguu kwenye dimbwi. Usukani ukavuta. Taratibu akakanyaga breki. Akazima injini. Bajaji ikaendelea kwenda.

“Ondoka hapo, mwanangu!” Taratibu alipaza sauti.

Fundi aliinua kichwa, akaona uso wa shemeji yake, akamnyakua mtoto kwa mkono. Ndala moja ikabaki dimbwini. Tairi likasimama juu yake, likaanza kuipapasa.

Walilifungua. Fundi alipolegeza valvu, upepo ulitoka moto, wenye unyevunyevu na uvundo. Ukatulia. Ukavutwa ndani. Ukatoka tena.

“Shemeji,” alinong'ona, “linapumua.”

Wakalipasua kwa msumeno. Ndani hamkuwa na tyubu. Mlikuwa na manyoya mabichi, kucha, na vipande vya nyama iliyotafunwa nusu, vikielea kwenye mate mazito. Fundi aliyaona matapishi ya asubuhi, akauliza ni nini. Taratibu akaenda kutafuta kiberiti.

Walilimwagia mafuta ya taa, wakaliwasha. Halikunuka mpira. Lilinuka nyama ya kuchoma, na mbwa wa mtaa mzima wakaja wakamezea mate. Lakini kilichomtapisha Taratibu mara ya pili hakikuwa harufu. Ni kwamba naye mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

Akanunua tairi jipya. Mvua zikaisha, vumbi likarudi, na nyama haikuliwa tena nyumbani kwake.

Asubuhi moja mkewe akamwita kutoka chumba cha mtoto. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Baba, njoo uone.”

Kwenye sakafu ya saruji kulikuwa na mstari mmoja wa unyevu, upana wa kiganja. Ulianzia ukutani, pasipo na mlango wala dirisha, ukaishia kitandani. Binti alikuwa amelala, mzima, anapumua vizuri, mguu mmoja nje ya shuka.

Mama yake aliuinua ule mguu, akaugeuzia kwenye mwanga. Unyayo ulikuwa umelowa, mweupe. Haukuwa na mstari wa ngozi hata mmoja, kana kwamba umelambwa usiku kucha. Si wa kisigino, si wa vidole. Laini kama mgongo wa kijiko.